Miti ya kaya yaingia mtandaoni, wazee wabaki mlangoni

MGENI anayetaka kuingia Kaya Kinondo, msitu mdogo ulio ukingoni mwa bahari karibu na Diani katika Kaunti ya Kwale, haingii hivi hivi. Hufungwa kaniki kiunoni, hupewa mwongozaji na huelezwa masharti: asichume, asiokote, asibebe hata jani lililoanguka. Akiuliza mti fulani hutibu nini, hujibiwa kwa kadiri mwongozaji anavyoona inafaa. Mengine haambiwi, na hakuna anayeliona hilo kuwa utovu wa adabu.

Mgeni huyo huyo akirudi hotelini na kufungua kompyuta, mambo hubadilika. Kwa dakika chache anaweza kupata orodha ya mimea iliyowahi kukusanywa katika kaya za Pwani, majina yake ya kisayansi, tarehe, jina la mtaalamu aliyeichuma na, mara nyingi, latitudo na longitudo ya mahali ilipochumwa. Pengine atakuta pia jina la mti huo kwa lugha ya wenyeji na sentensi fupi ya kueleza kwamba mizizi yake huchemshwa au magome yake husagwa kwa ajili ya maradhi fulani. Huko hakuna kaniki, hakuna mwongozaji, wala hakuna wa kumwambia asimame.

Tofauti kati ya milango hiyo miwili imekuwa mojawapo ya hoja ngumu katika mijadala ya kimataifa kuhusu uhifadhi wa bioanuwai. Swali lenyewe laweza kuonekana dogo mbele ya ukataji wa misitu na ukame. Hata hivyo, ndani yake kuna mali, kuna heshima, na kuna sheria ambazo Kenya na jirani zake zimezitunga bila kuzijibu sawasawa.

Kaya ni misitu iliyobaki kuzunguka makazi ya kale ya Wamijikenda, yaliyojengwa kwa maboma kuanzia karne ya 16 na kuachwa wazi kufikia miaka ya 1940. Watu walihama, lakini makaburi, njia na miiko vilibaki chini ya uangalizi wa wazee. Mwaka 2008, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza misitu hiyo, iliyotapakaa katika eneo la takriban kilomita 200 la Pwani, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sababu iliyotajwa haikuwa miti peke yake, bali mila iliyoitunza miti hiyo. Kwa maneno mengine, dunia ilikiri kwamba msitu umesimama kwa sababu kuna mambo ambayo si kila mtu aliruhusiwa kuyafanya ndani yake.

Data zilizoko mtandaoni hazikuwekwa kwa hila. Jukwaa kubwa kuliko yote, GBIF, lilianzishwa na serikali za nchi mbalimbali mwaka 2001 na makao yake yako Copenhagen, Denmark. Hadi sasa limekusanya rekodi zaidi ya bilioni 3 za viumbe, kutoka majumba ya makumbusho, vyuo vikuu na watu wa kawaida wenye simu za mkononi. Nyingi za rekodi za simu hutoka iNaturalist, jukwaa lililoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtu hupiga picha ya mti au ndege, huipandisha mtandaoni, na wenzake humsaidia kuupata utambulisho wake.

Ni haki kusema kwamba uwazi huo umeifaa Afrika. Kwa miaka mingi, sampuli za mimea ya Afrika Mashariki zilikaa katika makabati ya London, Berlin na Brussels, na mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam alilazimika kutafuta nauli ya ndege ili aone jani lililochumwa umbali wa siku moja kutoka nyumbani kwake. Leo huliona bila malipo. Kaya zenyewe zilinufaika na wataalamu wa mimea: tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha jinsi misitu hiyo ilivyojaa mimea adimu, na kuanzia mwaka 1992 serikali ikaanza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa, wakati ambapo mawakala wa viwanja vya hoteli walikuwa wamekwisha kuzinyemelea. Anayesema kila kitu kifungwe hana budi kueleza ni kwa ushahidi gani misitu hiyo ingetetewa.

Tatizo liko katika umbo la rekodi yenyewe. Fomu ya kidijitali ya kiumbe ina nafasi ya jina la kisayansi, nafasi ya tarehe, nafasi ya mahali, nafasi ya mkusanyaji, hata nafasi ya jina la kienyeji. Nafasi ya kuandika kwamba maarifa haya ni ya watu fulani, na kwamba yalitolewa kwa sharti fulani, haikuwamo ilipobuniwa. Kisichokuwa na nafasi katika fomu hakisafiri. Sampuli ikinakiliwa kutoka Nairobi hadi Copenhagen, kutoka huko hadi katika hifadhidata ya kampuni ya dawa au katika mashine zinazofunzwa akili bandia, jina la mkusanyaji hufika salama. Sharti la mzee hubaki msituni.

Leseni nazo zimeongeza utata. GBIF hupokea data kwa masharti ya aina 3 tu: zilizo huru kabisa, zinazotaka mwenye data atajwe, na zinazotaka atajwe na zisitumike kibiashara. Anayechagua ni taasisi au mtu anayepakia. Mzee aliyesimama chini ya mti na kuutaja jina hana sehemu katika uchaguzi huo. Matokeo yake ni kwamba haki husamehewa na mtu ambaye hakuwa nayo tangu mwanzo.

Madhara ya mahali kujulikana si ya kufikirika. Msandali, mti mdogo wa nyanda kavu, uliangamizwa katika sehemu nyingi za Kenya na wafanyabiashara wa magendo wanaoung'oa na mizizi, kwa kuwa humo ndimo yaliko mafuta yenye soko ng'ambo. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa mti kama huo, ramani sahihi ni msaada kwa askari wa misitu na ni msaada vilevile kwa mwizi.

Majukwaa yameliona hilo. iNaturalist huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuonyesha mraba wa takriban kilomita 22 kila upande badala ya nukta kamili. Ni hatua njema, ila inafaa kutazama ni nani aliyeamua kipi kifichwe. Kompyuta hufuata orodha za uhaba zilizoandaliwa na wanasayansi. Mbuyu si mti adimu, na hakuna orodha ya aina hiyo itakayouficha, hata kama chini yake ndipo watu wa kijiji kizima wanapotambikia. Mpiga picha anaweza kuuficha kwa hiari yake, kama amejua. Mtalii wa siku mbili atajuaje?

Kuhusu matumizi ya mimea, historia inafundisha kwa sauti kubwa zaidi, na wasomaji wengi wana shahidi uani kwao. Mwarobaini, mti ulioitwa hivyo kwa kuaminiwa kutibu magonjwa arobaini, asili yake ni Bara Hindi. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya njia ya kuua kuvu kwa mafuta yake, jambo ambalo wakulima wa India walidai kulifanya tangu enzi za mababu. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Manjano nayo, kiungo cha kila jiko la Pwani, ilipewa hataza Marekani mwaka 1995 kwa kazi ya kuponya vidonda. Ikafutwa mwaka 1997 baada ya India kuwasilisha maandishi ya kale.

India ilijifunza. Kuanzia mwaka 2001 ilijenga maktaba ya kidijitali ya tiba zake za jadi, ikazitafsiri katika lugha 5 za kimataifa, kisha ikafanya jambo lililowashangaza wapenzi wa uwazi: ikaifunga. Kwa miaka mingi waliofunguliwa mlango ni ofisi za hataza peke yake, kwa mikataba ya kutotoa siri, ili zikague maombi na kuyakataa yale yanayodai kuvumbua kisichovumbuliwa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kuupanua mlango huo kwa watumiaji wengine kwa malipo. Mfano huo una nguvu, lakini haufanani moja kwa moja na hali ya Wamijikenda. Tiba nyingi za India zilikwisha kuandikwa vitabuni karne nyingi zilizopita. Maarifa ya mganga wa Kaloleni hayajaandikwa. Kuyaandika ili yalindwe ndiyo hatua ya kwanza ya kuyatoa mikononi mwake.

Kinyume chake kiliwapata Wasan wa Kalahari. Walitafuna mmea wa hoodia ili kuzuia njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilikwisha kuomba hataza juu yake katikati ya miaka ya 1990 na kuuza haki kwa kampuni ya Uingereza, wakati wenye maarifa hawana habari. Magazeti yalipofichua jambo hilo mwaka 2001, iliripotiwa kwamba kampuni ilidhani watu hao hawapo tena duniani. Mwaka 2003 yalitiwa saini makubaliano ya kuwapa Wasan asilimia 6 ya mirabaha ambayo CSIR ingepata. Kampuni kubwa zilizotarajiwa kuuza bidhaa hiyo zilijitoa, Unilever ikiwa ya mwisho mwaka 2008, na ahadi ya fedha nyingi ikafa nazo. Wasan hawakukaa kimya. Mwaka 2017 wale wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili kwa kila mtafiti anayetaka kubisha hodi.

Pwani ya Kenya inalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kwa miongo kadhaa vigango, nguzo za mbao zinazochongwa na Wagiriama kwa kumbukumbu ya wazee waliokufa, viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo. Mwaka 2007 vigango 2 vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani, na mwaka 2023 jumba la Illinois State Museum likarudisha vingine 37. Kigango kina uzito, hupakiwa katika sanduku, hupita forodhani, na siku moja huweza kurudi. Faili iliyonakiliwa mara elfu haina njia ya kurudi.

Ndiyo maana juhudi za miaka ya karibuni zimejaribu kulifunga sharti kwenye data yenyewe. Mfano wa mapema ulitoka Tennant Creek, katikati ya Australia, kwa watu wa Warumungu. Mwaka 2007 walianza kutumia hifadhi ya kidijitali ya picha zao ambayo huuliza anayeingia ni nani kabla ya kumwonyesha kitu, kwa kuwa kwao kuna picha za wanawake tu, za wanaume tu, na za marehemu ambazo haifai kuangaliwa ovyo. Waliiita Mukurtu, jina la mfuko ambamo wazee walitunza vitu vitakatifu. Aliyetaka kuona kilichomo alimwendea mzee na kuomba. Mtu wa Kinondo asingehitaji kufafanuliwa zaidi.

Kutokana na fikra za namna hiyo, mpango uitwao Local Contexts, ulioanzishwa mwaka 2010, hutoa lebo ambazo jamii yenyewe huzibandika kwenye rekodi za mtandaoni: kitu hiki ni cha msimu, hiki kisitumike kibiashara, hiki asili yake ni watu fulani. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikubali lebo za Wapassamaquoddy wa Maine juu ya rekodi za sauti zao zilizochukuliwa mwaka 1890. Kwa upande wa viumbe na jeni kuna lebo maalumu za aina hiyo. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watetezi wa data za wenyeji ulitangaza kanuni 4 zijulikanazo kama CARE: manufaa ya pamoja, mamlaka ya kudhibiti, uwajibikaji na maadili. GBIF nayo imeunda jopokazi la kuchunguza namna ya kuziingiza katika mfumo wake.

Lebo ina udhaifu wake, na si vyema kuuficha. Ni tangazo, si kufuli. Mwenye nia mbaya ataisoma na kupita. Kilicho madhubuti zaidi kimefanyika New Zealand. Wanasayansi walipochapisha jinomu ya tuatara, mtambaazi wa kale wa visiwa hivyo, katika jarida la Nature mwaka 2020, kabila la Ngātiwai lenye dhamana ya mnyama huyo kimila lilikuwa mshirika tangu mwanzo, na bodi yake iliandikwa miongoni mwa waandishi. Makubaliano yalitangulia sampuli. Njia hiyo ni ghali na ya polepole, na inahitaji jamii yenye chombo kinachotambulika kisheria. Hata hivyo, ndiyo pekee kati ya zote hizi inayofanana na mlango wa Kaya Kinondo.

Kenya haina uhaba wa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 69, inaitaka serikali kulinda maarifa ya asili ya jamii kuhusu bioanuwai. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inataka idhini ya jamii kabla ya matumizi, na inazipa kaunti kazi ya kutunza daftari la maarifa hayo. Makumbusho ya Taifa imekuwa ikiyakusanya na kuyaingiza katika mfumo wa kidijitali. Kwa upande wa data, hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu mmoja mmoja: jina lake, simu yake, ugonjwa wake. Tanzania imefanya vivyo hivyo kwa sheria yake ya mwaka 2022. Maarifa ya kaya si taarifa za mtu binafsi. Ni ya watu wengi kwa pamoja, wakiwamo waliokufa, na kwa wingi huo sheria ya data haiwatambui.

Kisha kuna swali la nani atie saini. Wamijikenda ni makabila 9, na kila kaya ina wazee wake, ambao nao hawakosi kugawanyika. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Mti wanaouita kwa jina moja umesimama pande zote mbili za mpaka. Daftari la kaunti moja litaandika nini, na mzee wa ng'ambo ya Lungalunga akikataa, kukataa kwake kutasikika wapi? Watetezi wa uwazi huitumia hoja hii kusema kwamba ridhaa ya jamii haiwezekani. Ni hoja dhaifu. Ardhi ya pamoja nayo ina wagomvi, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo ni ya kila mpita njia.

Umuhimu wa kulitatua hili umeongezeka kwa sababu ya fedha. Mnamo Mei 24, 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Miliki Bunifu, WIPO, zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi yenye asili ya rasilimali jeni aliyoitumia na watu wa asili au jamii iliyotoa maarifa yanayohusiana nayo. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu Colombia ilipotoa pendekezo hilo, na mkataba ulipangiwa kuanza kutumika baada ya nchi 15 kuuridhia. Mwaka huo huo, mkutano wa bioanuwai uliofanyika Cali, Colombia, uliamua kuwapo mfuko ambamo kampuni zinazonufaika na data za jeni zilizoko mtandaoni zitachangia sehemu ya faida au mapato yao. Mfuko huo ulizinduliwa Februari 2025. Angalau nusu ya fedha zake imekusudiwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Uchangiaji wenyewe ni wa hiari, jambo linalopaswa kupunguza shangwe.

Lakini hata kampuni ikiwa na nia njema kabisa, itamtaja nani? Itafungua rekodi, itasoma jina la mmea, jina la nchi na jina la mkusanyaji, na itaandika hivyo. Jamii ambayo haimo katika mstari huo haitaonekana katika ombi la hataza wala katika hesabu ya mfuko. Nafasi iliyokosekana katika fomu ya mtaalamu wa mimea inakuwa, miaka kadhaa baadaye, nafasi iliyokosekana katika hundi.

Rekodi zitakazoingizwa kesho zinaweza kurekebishwa kwa urahisi. Ugumu uko katika zile za jana. Hifadhi ya mimea mikavu ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi inakadiriwa kuwa na sampuli zipatazo milioni 1, zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 100 kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Kila moja ina kipande cha karatasi chenye maelezo, vingine vya taipureta, vingine kwa mwandiko wa kalamu ya wino: mahali, mwinuko, rangi ya ua, jina la mkusanyaji na nambari yake. Katika vingine mna jina la kienyeji na mstari mmoja kuhusu dawa. Jina la aliyetangulia mbele akifyeka njia na kuutambua mti mara nyingi halimo. Karatasi hizo zinapigwa picha na kunakiliwa moja baada ya nyingine. Kwa zilizoandikwa Rabai, Kauma au Kinondo, mnakili anapofika kwenye mstari ule wa dawa bado ana nafasi ya kuuacha kwanza, na kupiga simu Pwani.